Mpeni Mtoto Jina la Babu, na Liwe la Kwanza

 Mazungumzo ya leo yanahusu jina la mtoto wa kiume. Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Babati, mtoto wa kiume akizaliwa, mjadala huanza kabla hata kitovu hakijakauka. Babu au bibi anapendekeza jina la ukoo: Gidamis, Tluway, Lohay, Qwaray. Mama mzazi anasita. Shangazi anasema jina hilo ni la kizamani na mtoto atachekwa shuleni. Mjomba anauliza kwani Brayan, Ethan au Jayden limekosa nini. Mwishowe hupatikana suluhu inayoonekana kumtendea kila mmoja haki: mtoto aitwe Brayan, na babu asinung'unike, kwa kuwa jina lake litaandikwa mwishoni mwa cheti. Hoja yangu leo ni kwamba suluhu hiyo, pamoja na nia njema iliyomo ndani yake, ndiyo inayoyamaliza majina yetu. Mzazi anayetaka jina la zamani liendelee kuishi ana nafasi moja tu ya kuliweka, nayo ni nafasi ya kwanza.

Tuangalie jinsi majina yetu yanavyopangwa kwenye karatasi. Mtanzania huandikwa kwa majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake, na la babu yake mzaa baba au la ukoo. Fomu ya cheti cha kuzaliwa, fomu ya shule na fomu ya kitambulisho cha taifa zote huuliza jina la kwanza, la kati na la mwisho. Katika matatu hayo, mzazi huchagua moja tu. Mawili yaliyobaki yamekwisha amuliwa na waliotangulia. Sasa tuchukue mfano. Babu anaitwa Tluway, mwanawe ni Emanueli, na mjukuu anapewa jina Brayan. Cheti kitasomeka Brayan Emanueli Tluway, na mzee atafurahi kwamba yumo. Lakini Brayan naye atakua, ataoa, atapata mtoto na kumwita Ethan. Cheti cha huyo kitasomeka Ethan Brayan Emanueli. Tluway ametoka, wala hakufukuzwa na mtu yeyote. Hakuna mkutano wa ukoo uliokaa na kulikataa jina hilo. Limesogezwa nyuma hatua moja kwa kila kizazi mpaka likafika ukingoni. Jina lisiloingia kwa mbele hutoka kwa nyuma, na safari yote huchukua vizazi vitatu.

Yupo atakayesema kwamba siku hizi familia nyingi huligandisha jina la mwisho, likawa la ukoo mzima, wajukuu na vitukuu wakalibeba bila kubadilika. Ni kweli, na jambo hilo limesaidia majina kadhaa yasifutike. Lakini tazama ni majina gani yanayogandishwa. Ni yale ya wanaume ambao watoto wao walikuwa wa kwanza kuingia darasani au kupiga foleni ya ubatizo, hao tu. Jina la baba wa mzee huyo, la kaka yake asiyesomesha, na la babu mzaa mama, yote hayana pa kukaa. Ukoo uliokuwa na majina kumi na matano ya wanaume unabaki na moja lililoganda. Na hata hilo moja limebadilika kazi, kwa sababu limekuwa alama ya familia, lenye kuandikwa kwenye daftari la mahudhurio na kuitwa na karani. Mama hamwiti mtoto wake kwa jina hilo akimtaka aje kula, wala mwenzake hamwiti nalo wakicheza mpira. Jina huishi kwa kuitwa, na jina linaloitwa nyumbani, uwanjani na njiani ni la kwanza. Nimemtaja babu mzaa mama kwa makusudi. Katika mpangilio wetu wa majina matatu, upande wa mama hauna nafasi hata moja ya lazima. Mjukuu wa kiume akipewa jina la babu huyo likawa la kwanza, amepatikana. Asipopewa, karatasi zote za serikali zitamsahau mzee huyo mara moja.

Ushahidi wa haya uko wazi katika historia ya mbio, jambo ambalo sisi watu wa ukanda huu wa Mbulu, Hanang na Babati tunalijua vizuri. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, mzaliwa wa Mbulu aliumia goti njiani, akaendelea na marathoni na kumaliza wa mwisho wakati jua limekwisha zama. Dunia inamkumbuka kama John Stephen Akhwari. Februari 1974, huko Christchurch nchini New Zealand, kijana wa Karatu alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuvunja rekodi ya dunia. Huyo ni Filbert Bayi. Aprili 2023, katika marathoni ya Boston, Mtanzania alimaliza wa pili, mbele ya Eliud Kipchoge mwenyewe aliyekuwa wa sita. Huyo ni Gabriel Geay. Yasikilize majina hayo kwa mpangilio wake: John, Filbert, Gabriel yako mbele, Akhwari, Bayi, Geay yako nyuma. Marehemu Wilhelm Gidabuday, aliyekuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Riadha Tanzania, naye alikuwa hivyo hivyo, la Kijerumani mbele na la Kidatoga nyuma. Majina yetu yamefika kwenye viwanja vikubwa vya dunia, lakini yamefika yakiwa mkiani.

Katika orodha hiyo yupo mmoja aliyepangwa kinyume. Ni Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 20, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Canada. Miaka minne baadaye, kwenye michezo hiyo hiyo mjini Brisbane, Australia, akatwaa dhahabu ya mita 10,000. Mwaka 1984 akashinda marathoni ya Rotterdam nchini Uholanzi. Nawaomba wanaosema jina la kizamani litamzuia mtoto kwenda mbele wamtafakari mtu huyu. Watangazaji wa Canada, Australia na Uholanzi walilitamka jina Gidamis kwa sababu mwenye nalo aliwapa sababu ya kulitamka. Hakuna aliyemwomba atafute jina rahisi kwanza ndipo apewe medali. Na kwa kuwa lilikuwa jina lake la kwanza, vijana wa Hanang waliomshangilia walikuwa wakishangilia jina la kwao, lile lile ambalo wazee wa kijijini waliitana nalo.

Jina hilo lina ukoo mkubwa. Kwa Wadatoga, na hasa ndugu zetu Wabarabaig, majina mengi ya wanaume huanza na Gida, na ya wanawake huanza na Uda, hivi kwamba mtu akitajwa tu umekwisha jua ni mwanamume au mwanamke. Wadatoga kwa asili ya lugha ni ndugu wa Wakalenjini wa Kenya, na Wakalenjini wanao utaratibu unaofanana na huo: Kip kwa mvulana, Chep au Jep kwa msichana. Katika Olimpiki ile ile ya Mexico mwaka 1968, ambako Akhwari wetu alimaliza wa mwisho, Mkenya Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 1,500. Toka wakati huo mpaka leo watoto wa Bonde la Ufa la Kenya wameendelea kupewa majina ya Kip na Chep kama majina yao wenyewe, yawe na jina la ubatizo kando au yasiwe nalo, na kila kizazi kinazaa akina Kipchoge, Kiprono na Chepkoech wapya. Majina hayo hayakuachwa yawe urithi wa nyuma tu. Wazazi waliyatoa upya kwa kila mtoto, na kwa hiyo yako hai kwenye madarasa ya leo. Mbinu ya kuyaokoa ya kwetu ni hiyo hiyo, wala haihitaji fedha wala mradi.

Labda utaniuliza, msikilizaji, jina la zamani lina nini hasa hata tulihangaikie? Lina habari. Wazee hawakuwa na kalenda ya ukutani, wakaandika matukio katika watoto wao. Kwa Wairaqw, mtoto aliyepokelewa na mvua aliweza kuitwa Tluway, na aliyezaliwa mama akiwa njiani akaitwa Lohay, na kila mmoja wao alipokuwa mzee bado alibeba siku yake ya kwanza duniani. Desturi hii imeenea nchi nzima. Kwa Wazanaki wa Butiama, mwaka 1922, alizaliwa mtoto siku ya mvua kubwa, akapewa jina la mzimu wa mvua: Kambarage. Aliishi na jina hilo zaidi ya miaka ishirini kabla ya kubatizwa Julius, Desemba 1943. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, inasimuliwa kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi. Kwa hiyo jina ambalo leo liko kwenye barabara, viwanja na vyuo vya Tanzania nzima ni kumbukumbu ya janga la shambani la karne ya kumi na tisa. Jina Jayden ni zuri masikioni, lakini halimwambii mtoto wa Sigino hapa Babati chochote kuhusu mahali alipotokea, mwaka ule ulikuwaje, au nani alimpenda kabla hajazaliwa.

Sasa nigeukie pingamizi, na nianze na lililo zito kuliko yote, la dini. Wazazi wengi Wakristo wanaamini kwamba padri au mchungaji hatambatiza mtoto anayeitwa Gidamis. Imani hiyo ina asili yake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataka mapadri wahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, padri aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kwenye kitabu cha ubatizo. Wamisionari waliojenga Kanisa katika nchi ya Mbulu walifanya kazi chini ya sheria hiyo, na Jimbo la Mbulu lenyewe, lililoundwa mwaka 1953, lilizaliwa chini yake. Ndiyo maana kizazi cha wazazi wetu kimejaa akina Filbert, Wilbrod na Zebedayo. Lakini sheria mpya ya Kanisa ilitolewa mwaka 1983, na kanuni yake ya 855 inataka jambo moja tu: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Haimlazimishi mtu kuchukua jina la mtakatifu. Mvua ni neema ya Mungu, na jina lenye maana ya mvua si geni kwa moyo wa Kikristo hata kidogo.

Tena tukumbuke kwamba watakatifu wenyewe walikuwa na majina ya makabila yao. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Mashahidi wa Uganda. Mdogo wao, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa bado kijana mdogo kabisa, aliitwa Kizito. Hilo ni jina la Kiganda. Leo Tanzania nzima wapo akina Kizito na akina Lwanga, jina la shahidi mwenzake, na kuna parokia zenye majina hayo, na hakuna anayeuliza kama ni majina ya Kikristo. Yalifanywa kuwa ya Kikristo na watu walioyabeba. Upande wa Waislamu, ambao ni wengi hapa kwetu, hasa miongoni mwa ndugu zetu Warangi, hali inafanana. Umar na Hamza ni majina yaliyokuwa yakitumika Uarabuni kabla ya Uislamu, na wenye majina hayo waliposilimu waliendelea nayo. Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya au ya kishirikina, na yaliyobaki akayaacha. Kipimo kilikuwa maana ya jina. Lugha lilikotoka haikuwa hoja. Kwa hiyo, mzazi, kamuulize paroko, mchungaji au sheikh wako kabla hujamkatalia babu kwa kisingizio cha dini. Huenda ukakuta mlango uliodhani umefungwa uko wazi miaka mingi.

Pingamizi la pili ni la shangazi: jina la kizamani, mtoto atachekwa. Silidharau, maana kicheko cha darasani huuma. Lakini neno kizamani lenyewe halikai mahali pamoja. Filbert lilipoingia nchi hii lilikuwa jina jipya la wasomi. Leo kijana wa mjini atakwambia ni jina la wazee. Brayan na Jayden nayo yanaelekea huko huko, na watoto wanaopewa majina hayo leo watakapokuwa na wajukuu, wajukuu wataona ni majina ya mababu. Hata huko tunakoazima, watu wanarudi nyuma. Mwaka 2018, nchini Uingereza na Wales, jina Arthur lilirejea katika majina kumi yanayotolewa zaidi kwa watoto wa kiume, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1920. Wazazi vijana wa London wanachukua majina ya baba wa babu zao bila haya, na wakati huo huo sisi tunaona haya kuchukua ya kwetu ili tufanane nao. Kuhusu kicheko chenyewe, dawa yake inaanzia nyumbani. Mtoto anayejua jina lake lilibebwa na nani na kwa sababu gani ana la kujibu. Mtoto anayesikia mama yake akilitamka jina hilo kwa kunong'ona atajifunza kulionea aibu kabla hajafika shuleni.

Pingamizi la tatu ni la karani: majina yetu ni magumu kuandika. Kiiraqw na Kigorowa vina sauti ambazo Kiswahili hakina, zile zinazoandikwa kwa tl, sl, hh, q na x, na jina moja linaweza kuandikwa namna tatu na watu watatu. Tatizo hili ni la kweli na lina gharama, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kikisema hivi, cheti cha shule kikisema vile na kitambulisho cha taifa kikisema vingine, kijana huhangaika na viapo mahakamani akitaka mkopo wa chuo au pasipoti. Lakini makosa hayo hayachagui lugha. Brayan huandikwa Brian, Bryan, Braiyan na Brayani, na mwenye nalo huhangaika vile vile. Tiba ni moja kwa majina yote: wazazi wakubaliane herufi, waziandike wazi kwenye karatasi, na waikabidhi karatasi hiyo kwa muuguzi anayejaza kadi ya kliniki na kwa msajili anayejaza cheti. Siku hizi usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano umesogezwa mpaka vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo mzazi anasimama mbele ya mwandikaji mwenyewe na anaweza kusoma kilichoandikwa kabla ya kuondoka. Asome herufi kwa herufi.

Pingamizi la nne linatoka kwa watu wenye mapenzi mema na nchi hii. Wanasema jina la kikabila linaleta ukabila, na Babati ni mji wa mchanganyiko: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarabaig, na wageni waliokuja na barabara ya Arusha, ya Singida na ya Dodoma. Wanaogopa mtoto atabaguliwa kwa jina lake akiomba kazi. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu umoja wa taifa letu ulijengwa kwa jasho. Hata hivyo, tuupime ushahidi. Jirani zetu wa Rwanda wanazungumza lugha moja na wana majina ya aina moja. Kwa kusikia jina tu ni vigumu kujua huyu ni Mhutu au Mtutsi. Watawala wa Kibelgiji, miaka ya 1930, ndio walioandika kabila kwenye vitambulisho, na mwaka 1994 watu waliuawa kwa kusomwa vitambulisho hivyo. Majina kufanana hayakumwokoa mtu. Upande wa pili, aliyelijenga taifa hili bila ukabila alikuwa huyo huyo Kambarage Nyerere, na hakuficha. Miongoni mwa watoto wake wapo akina Burito, Magige na Makongoro, na huyu wa mwisho amewahi kuwa Mkuu wetu wa Mkoa hapa Manyara. Kinacholeta ukabila ni kugawana kazi, ardhi na haki kwa kujuana. Jina likifichwa na upendeleo ukaachwa, dhambi inabaki pale pale, imevuliwa lebo tu. Afadhali mtoto wa Mgorowa na mtoto wa Mrangi wakae dawati moja, kila mmoja analijua jina la mwenzake na kulitamka sawasawa. Hapo ndipo umoja wa kweli unapofundishwa.

Yapo majina ambayo hata mimi sitayatetea bila masharti. Baadhi ya majina ya zamani yalitokana na njaa, msiba au ugomvi wa ndoa, na kumbebesha mtoto mchanga ugomvi wa watu wazima si haki. Kiswahili chenyewe kina akina Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko. Qwaray, nililolitaja mwanzoni, linahusishwa na njaa. Lakini hapa pia tusikimbilie kuhukumu. Rais wa awamu ya tano aliapishwa Novemba 2015 akiitwa John Pombe Magufuli, na jina hilo la katikati halikumpunguzia uzito wowote mbele ya Watanzania. Jina la mwaka wa njaa laweza kuwa jina la mtoto aliyepona njaa, na hilo ni jambo la kushukuru. Ninachoshauri ni wazazi wamuulize mzee maana na chanzo cha jina kabla ya kulitoa. Kama chanzo ni chuki, waliache lipumzike. Kama chanzo ni taabu iliyoshindwa, walichukue kwa heshima. Kuchagua ndani ya majina ya ukoo si kuuasi ukoo. Wazee nao walichagua.

Na sipendekezi mtu yeyote alazimishwe. Somo hilo tumelipata kwa jirani zetu wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ambako mwaka 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko na kupiga marufuku majina ya Kikristo kwa wananchi wake. Majina ya asili yaligeuzwa kuwa amri ya mkubwa, na amri ilipolegea watu waliyarudia ya ubatizo. Jina linalotolewa kwa hofu haliwezi kupendwa. Mwito wangu ni wa hiari na unaelekezwa kwa wazazi ambao tayari wanalipenda jina la babu, wanaolitaja kwa fahari wakiwa peke yao, lakini wanalisogeza nyuma mbele za watu. Kwa hao nasema: mapenzi yenu yapeni nafasi ya kwanza kwenye fomu. Anayependa jina la mtakatifu au la nabii, na alipende. Linaweza kuwekwa pamoja na la ukoo kwenye kitabu cha ubatizo, ilimradi karatasi zote za serikali na za dini zisomeke sawa. Na yote niliyosema kuhusu Gida nayasema kuhusu Uda, maana mabinti nao wana bibi zao, na katika karatasi zetu jina la bibi lina njia finyu zaidi ya kupita kuliko la babu.

Kwa wale ambao mtoto yuko njiani, kazi ya kufanya ni ndogo na inaweza kuanza wiki hii. Kaeni na wazee wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, wangali hai na wangali wanakumbuka. Andikeni majina yote ya wanaume na wanawake wa vizazi vinne nyuma, na kando ya kila jina muandike alikuwa nani na kwa nini aliitwa hivyo. Chagueni moja ambalo mtaweza kuliita kwa sauti kubwa, ukumbini na barabarani, bila kusita. Kubalianeni herufi zake. Kisha, mtoto akizaliwa, mpelekeeni msajili jina hilo likiwa la kwanza. Familia moja ikifanya hivyo, imeokoa jina moja. Familia za Babati zikifanya hivyo kwa miaka kumi, madaftari ya shule zetu yatakuwa na akina Gidamis, Tluway na Lohay wanaoitika wenyewe wakiitwa. Uamuzi huo uko mikononi mwa wazazi, na hakuna ofisi itakayoufanya kwa niaba yao.